BARIDI HAIUI VIRUSI, HUVITUNZA

Somo la afya kwa familia, wachuuzi wa soko na wahudumu wa afya wa jamii



Siku hizi katika soko la kambi kuna majokofu. Mengine yanatumia sola, mengine jenereta. Samaki wa barafu wanafika kutoka mbali, kuku waliogandishwa wanauzwa vipande vipande, na watoto wananunua maji ya matunda yaliyogandishwa katika vifuko vidogo. Ni jambo la kufurahisha. Nyama haiozi upesi kama zamani, na mchuuzi hapati hasara kila jioni.

Lakini tumesikia watu wengi wakisema hivi: "Kilichotoka kwenye friji ni safi, baridi imeshaua vijidudu." Maneno haya si kweli. Anayeyaamini anaweza kuugua, na anaweza kuwaambukiza watoto wake bila kujua.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu:

1. Baridi inafanya nini kwa virusi.
2. Virusi vinaingia wapi katika safari ya chakula cha baridi.
3. Kwa nini jokofu la chanjo halichanganywi na kitu kingine chochote.

1. KIRUSI NI KITU GANI?

Kirusi ni kijidudu kidogo mno. Hakionekani kwa macho, wala kwa darubini ya kawaida ya zahanati. Kirusi hakili, hakikui na hakizaani kikiwa peke yake. Ili kizaane lazima kiingie katika mwili wa kiumbe hai. Kikiwa nje ya mwili, yaani juu ya samaki, katika maji au juu ya meza, kinangoja tu.

Mfano wake ni mbegu ya mahindi. Mbegu iliyowekwa ghalani haioti, lakini haijafa. Ukiipeleka shambani na mvua ikanyesha, inaota. Lakini mbegu hiyo hiyo ukiichemsha sufuriani, hata ukiipanda mara kumi haitaota. Kwa kirusi, baridi ni ghala na moto ni sufuria.

Bakteria ni vijidudu vya namna nyingine. Bakteria wengi wanaweza kula na kuzaana ndani ya chakula chenyewe. Hao ndio wanaoozesha samaki na kumfanya anuke. Baridi inawapunguza mwendo, ndiyo maana samaki wa barafu hachelewi kuliwa akaoza. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaona samaki hajaoza, wanadhani hana kijidudu chochote.

Kumbuka: chakula chenye virusi hakinuki, hakibadiliki rangi, wala hakina ladha mbaya. Pua inaweza kutambua samaki aliyeoza. Haiwezi kutambua samaki aliyeshikwa na mkono mchafu.

2. NDUI ILIYOKAA MIAKA 60

Wazee wetu wanaukumbuka ugonjwa wa ndui, ulioua watu wengi na kuwaachia wengine makovu usoni. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani.

Lakini mwaka 2014, katika chumba cha baridi cha maabara moja ya serikali karibu na Washington, Marekani, wafanyakazi waliokuwa wakihamisha vitu walikuta sanduku la zamani. Ndani yake mlikuwa na chupa ndogo 6 za kirusi cha ndui, zilizofungwa miaka ya 1950 na kusahauliwa. Zilipopimwa, ilionekana kwamba kirusi katika chupa 2 kati ya hizo kilikuwa bado na uwezo wa kuzaana. Kilikuwa kimekauka, kimefungwa na kuwekwa kwenye baridi kwa muda wa miaka 60 hivi.

Hatuna haja ya kuogopa ndui. Chupa zile ziliteketezwa. Tunachojifunza ni kwamba hata wataalamu wanapotaka kutunza kirusi kiendelee kuwa hai, wanakiweka kwenye baridi kali. Basi sisi tusitegemee baridi hiyo hiyo kukiua.

3. SAFARI YA CHAKULA CHA BARIDI

Chakula cha baridi hupita kwenye mikono mingi kabla ya kufika kwenye chungu chako. Tufuate safari ya samaki mmoja:

Anavuliwa. Anaoshwa. Anapasuliwa. Anapangwa kwenye barafu au anagandishwa. Anapakiwa kwenye boksi. Anasafiri kwa lori. Anashushwa bohari. Anapelekwa sokoni. Anakatwa na mchuuzi. Anafika nyumbani.

Samaki mwenyewe haugui homa ya ini wala kuharisha kwa watoto. Virusi hivyo hutoka kwa binadamu. Vinaingia katika safari hii kwa njia tatu:

(a) Mikono. Mtu ametoka chooni, hakunawa kwa sabuni, akashika chakula.

(b) Maji. Chakula kimeoshwa kwa maji ya mto au ya kisima yaliyoingiliwa na kinyesi.

(c) Barafu. Barafu imetengenezwa kwa maji machafu. Barafu ni maji yaliyoganda tu. Kilichokuwa ndani ya maji bado kimo, na barafu ikiyeyuka kinatoka.

Kirusi kikiingia mahali pamoja katika safari hiyo, kikafungiwa katika baridi, kitasafiri mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu mmoja asiyenawa mikono katika nchi ya mbali anaweza kuwaletea ugonjwa watu asiowajua, miezi mingi baadaye.

4. MIFANO MIWILI YA KWELI

Mwaka 1997, katika jimbo la Michigan, Marekani, watoto wa shule walipewa chakula chenye matunda madogo mekundu yaitwayo stroberi. Matunda hayo yalikuwa yamegandishwa. Zaidi ya watu 200 waliugua homa ya ini aina ya A. Ugonjwa huu hukaa mwilini kati ya siku 15 na siku 50 kabla ya dalili kuonekana. Kwa hiyo mzazi anapoona macho ya mtoto yamekuwa ya manjano, amekwisha sahau mtoto alikula nini mwezi uliopita.

Mwaka 2012, katika mikoa ya mashariki ya Ujerumani, watu karibu 11,000 walishikwa na kutapika na kuharisha katika muda wa wiki chache. Wengi wao walikuwa watoto wa shule na wa chekechea. Chanzo kilikuwa stroberi zilizogandishwa kutoka China, zenye virusi viitwavyo norovirusi. Matunda yalivuka bahari yakiwa kwenye kontena la baridi, na virusi vilivuka pamoja nayo.  

Mifano hii inatoka katika nchi zenye umeme usiokatika, maabara na wakaguzi wengi. Ikiwa huko baridi haikuua virusi, haitaviua katika kambi yetu ambako jenereta inazimwa usiku.

5. JE, KORONA HUJA NA SAMAKI WA BARAFU?

Swali hili liliulizwa sana tangu mwaka 2020, na bado linaulizwa. Tujibu kwa utaratibu.

Mwezi Juni 2020 wagonjwa wengi walitokea katika soko kubwa la vyakula la Xinfadi, mjini Beijing, China. Kirusi cha korona kilionekana kwenye ubao wa kukatia samaki. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, katika bandari ya Qingdao, wataalamu wa China walisema wamepata kirusi kilicho hai kwenye maboksi ya samaki waliogandishwa. Kwa hiyo ni kweli kwamba baridi inaweza kukitunza kirusi hicho nje ya boksi.

Hata hivyo korona huambukizwa hasa kwa pumzi, kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Shirika la Afya Duniani halikuona kwamba kula chakula ndiyo njia ya kuenea kwa ugonjwa huo. Hatari kubwa zaidi katika safari ya vyakula vya baridi ilikuwa kwa wafanyakazi. Mwaka 2020 maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nyama nchini Ujerumani na Marekani waliugua. Walikuwa wakifanya kazi bega kwa bega, wakipiga kelele ili wasikike juu ya mashine, katika vyumba vya baridi vilivyofungwa ambamo hewa ile ile inazungushwa.

Kwa hiyo ukimwona dereva wa lori la samaki, usiogope mzigo wake kuliko kikohozi chake, au chako. Wanaopakua mizigo katika chumba cha baridi wafungue milango kila inapowezekana, wafanye kazi kwa zamu fupi, na mwenye mafua au homa apumzike.

6. NYAMA YA PORINI ILIYOHIFADHIWA KWA BARIDI

Wengi wetu tuliotoka Kivu na Ituri tunakumbuka Ebola ya tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Ebola huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na pia ya mnyama aliyeambukizwa, kama vile popo, nyani au sokwe.

Mtu akikuambia nyama ya porini imekaa kwenye jokofu wiki nzima na kwa hiyo haina hatari, usikubali. Damu iliyoganda ni damu bado. Anayekuwa hatarini zaidi ni yule anayeikata ikiwa mbichi, hasa akiwa na kidonda mkononi. Mnyama aliyekutwa amekufa au anaumwa asiguswe, asipasuliwe, asiuzwe. Toa habari kwa wahudumu wa afya.

7. BARAFU NA VINYWAJI VYA SOKONI

Hatari iliyo karibu nasi zaidi ni barafu. Samaki na kuku tunawapika, lakini barafu tunaitia mdomoni kama ilivyo.

Ugonjwa tunaouogopa zaidi hapa ni homa ya ini aina ya E. Huenea kwa maji yaliyoingiliwa na kinyesi, na imeshambulia kambi mbalimbali za wakimbizi. Mwaka 2012 iliingia katika kambi za Dadaab nchini Kenya na katika kambi za Maban, Sudan Kusini. Vijana na watu wazima wengi hupona. Lakini kwa mama mjamzito, hasa katika miezi 3 ya mwisho, ni ugonjwa wa kutisha. Kati ya akina mama 100 wenye mimba kubwa wanaoupata, 20 hadi 25 wanaweza kufa.

Fikiria jambo hili. Mama mjamzito anateka maji bombani, maji yenye klorini, na anayafunika vizuri nyumbani. Saa saba mchana, jua likiwa kali, ananunua kifuko cha maji ya matunda kilichogandishwa. Mtengenezaji aliona foleni ya bomba ni ndefu, akachota maji ya kijito. Uangalifu wote wa mama huyo umepotea kwa kifuko kimoja. Wala hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Aliyetengeneza naye aliamini kwamba baridi husafisha.

Kwa hiyo tunawaomba wachuuzi: maji ya kutengenezea barafu, juisi na vifuko yawe ni yale ya bomba la kambi, au yachemshwe. Maji yakianza kutokota, yaacheni yatokote dakika 1. Katika sehemu za milima mirefu, yatokote dakika 3. Kisha yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yagandishwe. Barafu iliyotumika kupoza samaki isitiwe kamwe katika kinywaji.

8. SAFARI NYINGINE YA BARIDI: CHANJO

Mpaka hapa tumesema kwamba baridi hutunza virusi tusivyovitaka. Lakini kuna virusi tunavyotaka vitunzwe. Hivyo ni virusi vya chanjo.

Chanjo ya surua na chanjo ya matone ya polio zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Havina nguvu ya kumletea mtoto ugonjwa kama virusi vya porini, lakini vinaufundisha mwili kupigana. Virusi hivi vikipata joto hufa, na chanjo iliyokufa haifundishi kitu. Mtoto atachomwa sindano, mama atarudi nyumbani na kadi iliyoandikwa, na surua ikija itamkuta mtoto hana kinga.

Surua si ugonjwa mdogo. Wakati watu wengi duniani walikuwa wakiitazama Ebola ya Kongo, surua ilikuwa ikiua watoto wengi zaidi katika nchi hiyo hiyo. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 hadi Januari 2020 kulikuwa na wagonjwa zaidi ya 310,000 waliodhaniwa kuwa na surua, na vifo vilivyojulikana vilipita 6,000. Chanjo ilikuwapo duniani, lakini watoto wengi haikuwafikia.

Ndiyo sababu chanjo husafirishwa katika baridi bila kukatika, kutoka kiwandani mpaka kwenye mkono wa mtoto. Utaratibu huu huitwa mnyororo baridi. Katika zahanati, chanjo huwekwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za joto, na mhudumu husoma kipimajoto mara mbili kila siku. Chanjo ya Ebola iliyotumika Kivu na Ituri ilihitaji baridi kali zaidi, nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, mpaka karibu na siku ya kutumiwa. Ilibidi ipelekwe vijijini katika vyombo maalumu.

Tena si kila chanjo inapenda baridi kali. Chanjo ya pepopunda na ile ya homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda. Kwa hiyo mhudumu analinda pande zote mbili, joto lisizidi na baridi isizidi.

Mambo mawili ambayo mzazi anaweza kuyaona mwenyewe:

(a) Chupa nyingi za chanjo zina alama ya duara yenye mraba mdogo ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Mraba ukifanana na duara kwa weusi au kuwa mweusi zaidi, chanjo hiyo haitumiki. Unaweza kumwomba mhudumu akuonyeshe. Hatakasirika.

(b) Chanjo ya surua ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, hutunzwa kwenye baridi na hutumiwa ndani ya saa 6 tu, au hadi mwisho wa shughuli ya siku hiyo kama itamalizika mapema. Inayobaki hutupwa. Ukiona inatupwa, usiseme kwamba dawa za watoto zinachezewa. Kuitumia kesho ndiko kungekuwa hatari.

9. MAZUNGUMZO ZAHANATINI

Baba mmoja amefika zahanati jioni, amebeba mfuko.

Baba: Hodi, dada muuguzi.

Muuguzi: Karibu, baba. Habari za nyumbani?

Baba: Si nzuri sana, dada. Tumefiwa. Kesho wageni wanakuja kwenye matanga. Nina kilo mbili za samaki hapa. Nisaidie uniwekee kwenye friji yenu mpaka asubuhi.

Muuguzi: Pole sana kwa msiba, baba. Lakini friji hii ni ya chanjo tu. Haiingii samaki, haiingii soda, hata maji yangu mimi ya kunywa hayaingii.

Baba: Lakini juzi mlango ulipofunguliwa niliona chini kuna nafasi, kuna chupa za maji tu.

Muuguzi: Chupa zile si za kunywa, baba. Zimewekwa ili zishike baridi umeme ukikatika. Nikizitoa ili niweke samaki, usiku friji itapata joto. Tena nitafungua mlango kukuwekea, na kesho nifungue kukutolea. Kila mlango unapofunguliwa, joto linaingia.

Baba: Samaki wangu ni wasafi, dada. Nimewaosha mwenyewe.

Muuguzi: Sibishi, baba. Lakini maji yao yakichuruzika juu ya chupa, mkono wangu utashika chupa hiyo kesho, kisha utamshika mtoto. Mjukuu wako mdogo si alichanjwa hapa wiki iliyopita?

Baba: Ndiyo, alichanjwa hapa.

Muuguzi: Basi friji hii imemtunzia yeye. Sasa fanya hivi. Wakaange vizuri usiku huu mpaka ndani, au wabanikwe kwa moshi wakauke. Kesho wachemsheni tena katika mchuzi mpaka utokote, wale wakiwa wa moto.

Baba: Haya, nimeelewa. Nilidhani unaninyima.

Muuguzi: Hapana, baba. Wape pole wote nyumbani.

Ndugu wahudumu, mwigeni muuguzi huyu. Ni vigumu kumkatalia mzee, jirani au mkubwa wako wa kazi. Lakini sheria ni moja kwa wote: hakuna chakula, hakuna kinywaji, na hakuna damu au choo cha kupimwa katika jokofu la chanjo. Vya kupimwa viwe na jokofu lake au sanduku lake la baridi. Mgonjwa wa kisukari anayehitaji kutunziwa insulini azungumze na mganga wa zahanati, apangiwe mahali panapofaa.

10. MAMBO YA KUFANYA

Sokoni:

- Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kushika chakula na kila utokapo chooni. Dawa ya mikono ya spiriti haitoshi kwa norovirusi. Sabuni na maji ni bora.
- Aliyetapika au kuharisha asiuze wala asikate chakula mpaka zipite siku 2 tangu apone.
- Osha jokofu, kisu na ubao kwa maji ya moto na sabuni.
- Weka vyakula vibichi chini na vilivyopikwa juu, kila kimoja kwenye chombo chenye mfuniko.
- Samaki au nyama iliyokwisha kuyeyuka isigandishwe tena. Iuzwe ipikwe siku hiyo.

Nyumbani:

- Yeyushia samaki au kuku ndani ya bakuli, mbali na nyanya, vitunguu na mboga zinazoliwa mbichi. Mwaga maji yake mbali na vyombo, kisha nawa.
- Pika mpaka ndani. Kirusi cha homa ya ini aina ya A huhitaji joto la nyuzi 85 kwa dakika 1 nzima ili kife. Kupasha nje tu hakutoshi. Nyama itokote, au iive hata penye mfupa.
- Usimpe mtoto barafu usiyojua maji yake yametoka wapi.

Ukiugua:

- Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS mara kwa mara. Kama huna, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Mtoto akilegea au akishindwa kunywa, mpeleke zahanati mara moja.
- Ukiona macho ya manjano au mkojo mweusi kama chai, nenda zahanati. Mama mjamzito asingoje hata usiku mmoja.

11. MASWALI YA KUJADILI

Maswali haya yajadiliwe katika mikutano ya bloku, vikundi vya akina mama na kamati ya soko.

1. Kwa nini samaki asiyenuka anaweza kuwa na virusi?
2. Katika soko letu, barafu inatengenezwa kwa maji gani? Nani atakwenda kuuliza?
3. Mchuuzi anapoteka maji mbali kwa sababu foleni ni ndefu, kamati ya maji inaweza kumsaidiaje?
4. Kwa nini baridi ile ile ni adui kwenye kifuko cha barafu na rafiki kwenye chupa ya chanjo?
5. Kiongozi akimwomba muuguzi amwekee soda kwenye jokofu la chanjo, sisi wananchi tufanye nini?

Tunalotaka kila mmoja aondoke nalo ni hili: jokofu huzuia chakula kuoza, lakini halikisafishi. Kinachosafisha ni sabuni, maji salama na moto. Tuilinde baridi ya chanjo isikatike, na chakula chetu cha baridi tukipitishe motoni kabla ya kukila.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe. Mpe jirani, au msomee asiyejua kusoma.